Damu haikati baada ya kung'oa jino: niagize nini, na mfupa nao?

Tabibu_Chamwino aliandika:

Wakuu wa kinywa na meno, habari za jioni.

Niko kituo cha afya huku Chamwino, kiti kimoja, na kazi kubwa ni kung'oa, hasa magego ya chini. Nimeambiwa nipeleke orodha ya vifaa vya kuzuia damu kwa ajili ya bajeti ya robo ijayo. Shida ya huku ni umbali. Mgonjwa akishafika Mpwayungu au Manda, damu ikianza tena saa nne usiku, kurudi kituoni ni bodaboda na gharama. Kwa hiyo nataka kila kitu kiishe kabla hajashuka kwenye kiti.

Kabatini kuna gozi, uzi wa silki 3-0 na lidokaini yenye adrenalini, basi. Msambazaji wa mjini ameniachia katalogi yenye spongi ya jelatini, selulosi iliyooksidishwa, plagi ya kolajeni, nta ya mfupa na chembe za mfupa wa ng'ombe. Kwa maelezo yake vyote "vinakata damu na kuotesha mfupa". Naomba msaada:

Kipi kati ya hivyo kina maana kwa kituo kama hiki? Wanaotumia warfarini na aspirini (dawa zinazozuia damu kuganda) niwashughulikie vipi, maana siku hizi tunawaona wengi? Kuna pia wanaouliza habari za implanti (meno bandia yanayopandikizwa kwenye mfupa) za baadaye huko mjini. Kipo cha kuwawekea siku ya kung'oa ili mfupa usiliwe? Na hii PRF inayosemwa (donge linalotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe), inaweza kutengenezwa kwa mashine ya maabara ya kituo?


Dkt_Kinywa_Dom aliandika:

Tabibu, kabla ya katalogi tuanze na kilicho bure. Donge la damu la mgonjwa mwenyewe ndilo kifaa cha kwanza. Linaziba mishipa, na hilohilo ndilo ambalo mfupa mpya utaotea ndani yake. Chochote unachotia kwenye tundu kinachukua nafasi ya donge hilo. Ndiyo maana msambazaji wako anakosea: vitu vinavyokata damu haraka mara nyingi vinauchelewesha mfupa, na vile vinavyotunza mfupa havikati damu. Chembe za mfupa wa ng'ombe ukizimwaga kwenye tundu linalobubujika, damu itazisukuma nje, umepoteza damu na umepoteza hela.

Cha pili, jua damu inatoka wapi. Mkalishe mgonjwa wima kiasi, taa iwe nzuri, vuta damu kwa sakshoni. Madonge laini yanayoning'inia juu ya tundu kama maini yafute yote kwa gozi, kwa sababu chini yake damu inaendelea kuvuja na hutaona kitu. Kisha bana fizi za pande zote mbili za tundu kwa kidole gumba na cha shahada, uzikandamize kwenye mfupa. Damu ikikoma, inatoka kwenye fizi: shona. Ikiendelea kupanda kutoka ndani, inatoka kwenye mfupa, au kwenye nyama nyekundu ya uambukizo iliyobaki kwenye ncha ya mzizi. Hiyo nyama ikwangue kwa kyureti (kijiko kidogo cha kukwangulia) mpaka ufike kwenye mfupa mgumu. Ukiiacha, hakuna spongi itakayokusaidia. Tahadhari moja tu: kwenye magego ya chini usikwangue kwa nguvu kwenye sakafu ya tundu, mfereji wa neva unaweza kuwa karibu sana, na kwenye magego ya juu kuna sakafu ya sainasi (uwazi wa hewa ndani ya taya).

Baada ya hapo mfuatano ni huu. Gozi iliyokunjwa mara kadhaa, iloweshwe kidogo kwa salaini na kukamuliwa (gozi kavu inanasa kwenye donge, ukiitoa inalichomoa), iwekwe juu ya tundu lenyewe wala si juu ya meno ya jirani, mgonjwa aume dakika 20 hadi 30 bila kufungua mdomo kuchungulia. Kosa ninaloliona kwa wengi ni gozi ndogo iliyozama kati ya meno mawili: mgonjwa anauma meno yake, tundu halikandamizwi hata kidogo.

Isipokata, spongi ya jelatini. Zile za meno huwa ni vipande vya sentimita 1 kwa 1 kwa 1. Kipande kimoja kinatosha tundu la mzizi mmoja. Kwa gego kata viwili, kila mzizi na chake. Ikandamize kwanza kwa vidole ili hewa itoke, iingize, halafu shona juu yake kwa mshono wa nane au wa msalaba, usiivute fizi mpaka ipauke. Spongi haina dawa ndani yake. Inanyonya damu mara 40 hivi ya uzito wake na kulipatia donge mahali pa kushikilia. Kwa sababu inavimba, usiishindilie. Mwilini huyeyuka yenyewe kwa wiki 4 hadi 6, usiifuate tena.

Adrenalini ya kwenye ganzi inadanganya. Inabana mishipa, tundu linaonekana limekauka, mgonjwa anaondoka, na saa mbili tatu baadaye mishipa inafunguka akiwa njiani. Kwa mgonjwa anayeelekea Mpwayungu, mshono mmoja wa tahadhari hata kama damu imekata una thamani kuliko katalogi nzima.

Na pima presha kabla ya kushika koleo. Ikiwa 180/110 au zaidi na jino si la dharura, ahirisha, mtibu presha kwanza.


Msaidizi_Thieta aliandika:

Naongezea: sisi thieta tunapenda selulosi iliyooksidishwa, inakata damu papo hapo. Na nta ya mfupa ni bei rahisi, ukiipaka kwenye mfupa damu inakoma palepale. Kwa nini asiagize hivyo viwili akamaliza?


Dkt_Kinywa_Dom aliandika:

Mkuu, kwenye upasuaji wa tumbo sina neno na selulosi. Kwenye tundu la jino ina masharti yake. Inafanya kazi kwa kuwa ni asidi kali, pH karibu 3. Inaichoma damu, ndiyo maana inageuka nyeusi. Asidi hiyo ina faida, inaua bakteria. Lakini ikikaa karibu na neva ya taya la chini inaweza kuijeruhi, mgonjwa akabaki na ganzi ya mdomo kwa muda mrefu. Kwa hiyo tundu la jino la busara (gego la mwisho) ambalo sakafu yake imefunguka hadi kwenye mfereji, selulosi hapana. Na ikiachwa nyingi ndani ya mfupa inauchelewesha kuota. Ukiitumia, iweke kavu (ikilowa kabla inapoteza nguvu), kipande kidogo, karibu na mdomo wa tundu, na damu ikishatulia toa kilichozidi. Huyeyuka kwa wiki moja hadi mbili.

Nta ya mfupa sitaki hata iingie kwenye orodha ya Tabibu. Ni nta ya nyuki, mwili hauimeng'enyi. Inaziba vitundu vya mfupa na kubaki pale kama kitu kigeni, mfupa haupiti, na uambukizo ukiingia unajificha nyuma yake. Damu inayotoka kwenye kitundu kimoja cha mfupa unaweza kuizima kwa kukisaga kitundu chenyewe: shika kifaa butu, kandamiza mfupa unaokizunguka mpaka ujifunge.

Vilevile zile dawa za chuma za kurudisha fizi nyuma wakati wa kuchukua alama (umbo la meno ya mgonjwa), feriki salfeti na jamaa zake, zisiingie kwenye tundu. Zinakata damu ya fizi vizuri, lakini zikikaa juu ya mfupa zinauwasha na kuchelewesha uponaji.


Mfamasia_Kongwa aliandika:

Tabibu, kuna kitu ambacho hakipo kwenye katalogi na nina hakika kipo kituoni kwako: asidi ya traneksamiki. Iko upande wa wazazi kwa ajili ya kutokwa na damu baada ya kujifungua. Ampuli ya kawaida ni miligramu 500 ndani ya mililita 5, yaani asilimia 10. Vuta mililita 5 hizo, changanya na mililita 5 za maji safi ya sindano, umepata mililita 10 za asilimia 5. Hiyo ndiyo nguvu inayotumika mdomoni.

Namna ya kuitumia: siku ya kwanza lowesha gozi ndani yake, mgonjwa aume dakika 20 hadi 30. Unaweza pia kulowesha ile spongi ya jelatini kabla ya kuiingiza. Kuanzia kesho yake, kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mililita 10 mdomoni kwa dakika 2, mara 4 kwa siku, siku 2. Asisukutue, ashikilie tu, ainamishe kichwa upande wa tundu, kisha aache imwagike yenyewe bila kutema kwa nguvu, na asimeze. Vidonge vya miligramu 500 navyo vinafaa ukikisaga kimoja ndani ya mililita 10 za maji, ila kitabaki na chenga, tikisa kila mara.

Kwa nini inasaidia mdomoni hasa? Mate yana viamsho vya kimeng'enya kinachoyeyusha donge la damu. Traneksamiki haigandishi damu, inazuia donge lililokwisha kujitengeneza lisiyeyushwe. Kwa hiyo isipotanguliwa na mgandamizo na mshono haina cha kulinda.

Sasa sikiliza hili vizuri. Changanya kwenye kikombe cha dawa au bakuli, usiiache kwenye bomba la sindano mezani. WHO imeshatoa tahadhari juu ya traneksamiki kudungwa kimakosa uti wa mgongo kwa kudhaniwa ganzi, na matokeo yake ni mabaya mno. Mezani kwako kuna ganzi pia. Bakuli, lebo, mbali na trei ya sindano.

Kuhusu warfarini: usimwachishe mgonjwa. Donge likijitengeneza kwenye valvu ya moyo au likapanda ubongoni ni msiba. Damu ya tundu la jino unaifikia kwa kidole. Unachohitaji ni INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ya ndani ya saa 24, au hadi saa 72 kama vipimo vyake vimekuwa vimetulia. Ikiwa chini ya 4, ng'oa kituoni, meno yasizidi matatu kwa siku, na kwa kuanzia ng'oa moja uone linavyojiendesha. Ikiwa 4 au zaidi, rudisha kwa anayemwandikia dawa. Mpange asubuhi, tena mwanzoni mwa wiki, ili akivuja uvujaji uangukie siku ya kazi. Kila tundu spongi na mshono, moja kwa moja, usisubiri kuona. Aspirini peke yake isikutishe. Mwenye aspirini pamoja na klopidogreli atavuja muda mrefu zaidi, naye usimwachishe.

Na hapa ndipo wengi wanajichimbia shimo: ile desturi ya kumpa kila aliyeng'olewa amoksilini na metronidazo. Metronidazo inapandisha INR ya mtu wa warfarini vibaya sana. Damu inakata leo, siku ya tatu inaanza upya na kila mtu anashangaa. Diklofenaki na ibuprofeni naye aziepuke. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 inatosha.

Hemofilia hata usijaribu, hata kwa sindano ya ganzi ya nyuma ya taya peke yake. Rufaa.


MaabaraKwanza aliandika:

Nijibu la PRF, maana swali hili hutufikia maabara nasi tunaambiwa "zungusha tu".

PRF ni damu ya mgonjwa mwenyewe iliyozungushwa bila dawa ya kuzuia kuganda, ikajigandisha ndani ya mrija wakati inazunguka. Mfaransa Joseph Choukroun na wenzake waliieleza mwaka 2001. Katikati unapata donge la faibrini la manjano lenye chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) na chembe nyeupe. Mashine ya kituo inaweza kuitengeneza, kwa masharti.

Mirija: ya kioo, kifuniko chekundu, isiyo na jeli wala dawa yoyote, mililita 9 au 10. Zambarau ina EDTA, bluu ina sitrati, kijani ina heparini. Damu haitaganda milele. Ya njano ina jeli, hapana. Nyekundu ya plastiki huwa imepuliziwa unga wa silika ili iharakishe kuganda. Donge utalipata, lakini na unga wa silika ndani yake unaenda kwenye mfupa wa mtu. Tafuta kioo.

Muda ndio unaowashinda wengi. Damu ikishaingia kwenye mrija imeanza kuganda. Kutoka mrija wa kwanza kuanza kujaa hadi mashine kuanza kuzunguka isizidi dakika 2. Kwa hiyo sindano ya 21G, mshipa mkubwa wa kiwiko, na mashine iwe palepale karibu na kiti, si jengo la pili. Tundu la mzizi mmoja, mrija mmoja, gego, miwili. Ukichota mmoja, mkabala wake weka mrija wa maji wa uzito uleule.

Mwendo: kila mahali wanaandika mizunguko 2700 kwa dakika 12. Hiyo ni kwa mashine ndogo yenye nusu kipenyo cha sentimita 8 hivi hadi chini ya mrija. Yenu huenda ni kubwa zaidi, na ukiweka 2700 utaizidisha nguvu. Kanuni ni hii: nguvu ya g = 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika, mara yenyewe. Kwa sentimita 8 na 2700 unapata kama 650 g. Kufikia 650 g hiyohiyo kwenye mashine ya sentimita 10 unahitaji mizunguko 2400. Ya sentimita 15, kama 1970. Pima kwa rula kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye kitako cha mrija ukiwa umelala kama unavyolala unapozunguka.

Ukimaliza kuna tabaka tatu: nyekundu chini, donge la manjano katikati, maji ya manjano juu. Vuta donge kwa kibanio tasa bila kugusa mdomo wa mrija, kata nyekundu lakini acha kama milimita 1 au 2 yake, kwa sababu chembe sahani nyingi zimekusanyika mpakani. Likamue taratibu kati ya gozi mbili tasa upate utando, au liingize zima kwenye tundu na kushona msalaba juu yake.

Donge likitoka dogo na tabaka la juu likabaki maji matupu, sababu huwa: ulichelewa, mrija si wenyewe, mashine inatetemeka, au mgonjwa yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Umeme ukikatika dakika ya 5, usiwashe tena kumalizia. Damu imeshaganda ikiwa imechanganyika. Chota upya, au achana nayo. Kama kituo hakina betri ya kushikilia umeme, mpange mgonjwa ukijua hilo. Na ndoo za mashine zisafishwe kwa spiriti kabla, maana asubuhi zilizungusha sampuli za watu wengine. Mrija uandikwe jina hata kama mgonjwa ni mmoja.


Bandia_Makole aliandika:

MaabaraKwanza kamaliza utengenezaji. Mimi niseme PRF inatoa nini, ili Tabibu asiuze ndoto. Kwenye magego ya busara ya chini inapunguza maumivu na tundu kavu (tundu lililopoteza donge lake), hilo limeonekana vya kutosha. Kwa upande wa kutunza upana wa mfupa msaada wake ni mdogo. Na kwa mtu wa warfarini isiwe tegemeo lako la kukata damu.

Sasa mfupa. Mtu asikuambie kwamba bila kuongeza kitu tundu halitajaa. Litajaa lenyewe: wiki ya kwanza ni nyama changa, kuanzia wiki ya 3 hivi mfupa laini unaonekana, miezi inayofuata unakomaa. Tatizo ni ukuta. Ule ukuta wa nje, upande wa mdomo na shavu, kwenye meno ya mbele mara nyingi haufiki unene wa milimita 1, na sehemu kubwa ya damu yake ilikuwa inatoka kwenye utando unaozunguka mzizi. Jino likitoka, chakula cha ukuta kimekatwa. Unayeyuka. Kwa mwaka mmoja upana wa ukingo hupungua karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Kujaza chembe kunaokoa wastani wa milimita 1 hadi 2 za upana. Ni nyingi kwa jino la mbele linalosubiri implanti. Kwa mzee atakayevaa pleti ya akriliki (meno bandia ya kuvaa na kuvua) ni bure. Yeye mlainishie ncha kali za mfupa, shona, arudi baada ya wiki 6 hadi 8 tuchukue alama.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa ni: nini kitakaa hapa, na lini? Asiye na mpango wa implanti au daraja ndani ya miezi michache, usimtie chembe. Mwenye mpango, heri umtume mjini ang'olewe na huyohuyo atakayeweka implanti. Ukilazimika wewe, mambo yenyewe ni haya.

Ng'oa bila kuvunja ukuta: lakseta (kifaa cha kulegeza jino) nyembamba, zungusha taratibu, gego lenye mizizi iliyotanuka ligawe vipande. Tundu lililokwanguliwa ovyo kwa kyureti au ukuta uliovunjika havitaokolewa na unga wowote. Ukiona usaha, hakuna kujaza siku hiyo. Kwangua, osha kwa salaini, pitisha probu ndani ya ukuta wa nje kuhakikisha uko mzima. Ukiwa umetoboka unahitaji utando wa kolajeni kati ya chembe na fizi. Hakikisha mfupa unatoa damu kidogo, chembe zinahitaji mishipa. Chembe za robo milimita hadi milimita 1, nusu mililita kwa mzizi mmoja, mililita 1 au zaidi kidogo kwa gego, ziloweshwe kwa damu ya hapohapo au salaini. Zijaze hadi usawa wa ukingo, zisipande juu, na ziguse tu, usizisindike: nafasi kati ya chembe ndiyo njia ya mishipa. Funika kwa plagi ya kolajeni au utando wa PRF, shona msalaba, nyuzi zitoke siku ya 10 hadi 14. Mwambie akihisi "mchanga" mdomoni siku mbili tatu za kwanza asishtuke, ukizidi arudi. Implanti ni baada ya miezi 4 hadi 6.

Aina: za mfupa wa ng'ombe zinayeyuka polepole mno, hukaa miaka, zinatunza umbo. Beta trikalsiamu fosfeti ni ya kutengenezwa, inayeyuka kwa miezi kadhaa na kuuachia mfupa nafasi. Kalsiamu salfeti, ambayo ndiyo plasta ya Paris, imetumika kujaza mashimo ya mfupa tangu Dreesmann alipoiripoti mwaka 1892, na huyeyuka ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla mfupa haujawahi. Naisema hiyo kwa sababu moja: asitokee mjanja akachota plasta ya kumwagia modeli au ya kufungia miguu. Hiyo si tasa wala si safi kwa kuwekwa mwilini.

Plagi ya kolajeni naiona kuwa ndiyo ya kati kwa kati: inavuta chembe sahani, huisha kwa siku 10 hadi 14, na haimzuii mtu mfupa. Ila kwa bei yake, spongi ya jelatini inafanya kazi karibu ileile ya damu.


Vifaa_Dom aliandika:

Upande wa manunuzi, kwa kifupi. Omba namba ya usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) ya kila kifaa kabla ya bei. Chukua paketi ya kipande kimoja kimoja. Ukifungua ya vipande vingi, kilichobaki si tasa tena, na usikirudishe kwenye otoklevu, jelatini na kolajeni zinaharibika kwa joto. Soma lebo ya joto la kutunzia: stoo ya bati Dodoma mwezi wa Oktoba inapita nyuzi 30 bila kuuliza mtu. Na uliza imetokana na mnyama gani. Spongi nyingi za jelatini ni za nguruwe, kolajeni nyingi ni za ng'ombe. Mgonjwa aulizwe kabla ya ganzi, si baada ya mshono.


Tabibu_Chamwino aliandika:

Nawashukuru sana wakuu. Nimefuta nta, chembe nimeziacha, selulosi pakiti chache tu. Swali la mwisho: maelekezo gani ya nyumbani yanafaa kwa watu wetu, na tundu lenye spongi likiuma na kunuka siku ya tatu au ya nne, niichimbe niitoe?


Dkt_Kinywa_Dom aliandika:

Nyumbani: saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme teme, asinyonye kwa mrija. Ugali laini na mlenda uliopoa ni chakula kizuri. Uji wa moto, karanga na bisi vingoje. Pombe hapana, sigara hapana, na wazee waulize waziwazi juu ya ugoro, kwa sababu wengi hawauhesabu kama tumbaku na wanauweka palepale kwenye fizi. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, baada ya chakula. Mpe gozi tasa tatu nne aende nazo. Damu ikirudi usiku: akae wima, aume gozi dakika 30 kwa kuangalia saa, bila kuchungulia. Gozi zikiisha, kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa na kupozwa kinasaidia, tanini yake inabana. Mate ya pinki kwenye mto si dharura. Mdomo ukijaa damu mbichi baada ya vipindi viwili vya kuuma, hiyo ni ya kuja usiku uleule.

Tundu la siku ya tatu au ya nne: ukiona limebaki wazi, mfupa unaonekana, maumivu yanapanda sikioni, ni tundu kavu. Osha kwa salaini ya uvuguvugu kwa bomba. Spongi iliyolegea itatoka yenyewe na maji, iliyoshika iache. Usikwangue kutafuta damu mpya, unazidisha maumivu na kuupanua uambukizo. Weka ukanda wa gozi wenye dawa ya eujenoli, ubadilishe kila siku 2 au 3 hadi maumivu yaishe, kisha uutoe wote, kwa sababu ukisahaulika humo unazuia mfupa. Antibayotiki ni kwa mwenye homa, uvimbe au usaha tu.

Ila damu inayoanza upya karibu na siku ya saba usiifananishe na hii. Hiyo kwa kawaida ni uambukizo umelila donge: toa spongi iliyooza, kwangua, osha, spongi mpya yenye traneksamiki, mshono, na hapo antibayotiki ina kazi. Isipokata kwa mzunguko mmoja wa hayo, chukua damu kwa ajili ya hesabu ya chembe sahani na INR, mwache aume gozi, na uite gari la wagonjwa.